Vepu Isiyovunjika

Kinanda alikuwa kwenye banda la fundi simu, akisubiri simu yake ibandikwe kioo kipya, aliposikia mtu mzima akilia. Machozi hayakuwepo. Mtu huyo alikuwa akilia kwa mdomo, kama wanavyolia wenye mali.

"Imeanguka tu, fundi! Kutoka kaunta hadi sakafuni. Kaunta yenyewe fupi!"

Aliyekuwa akilalama ni Mzee Msumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa barabara. Mezani kwa fundi alikuwa ameweka vepu, sigara ya umeme ile ya kutoa mvuke, kioo chake kimepasuka na taa zake zimezima.

"Hii siyo ya kuanguka, mzee," fundi alisema. "Hii ni ya kushikwa."

"Ile yangu ya zamani niliwahi kuidondosha kutoka ghorofani. Lori likaikanyaga. Jioni nikaiokota, nikavuta."

"Basi rudi kwenye hiyo hiyo."

"Nirudi vipi? Wenzangu wote wana zenye kioo. Zinawaka mataa, zinahesabu umevuta mara ngapi, zinakusalimia. Mimi nikitoa dude langu wananiuliza kama nimekata bomba la sinki." Mzee alishusha pumzi. "Angetokea mtu wa kuniuzia yenye mambo yote mapya, halafu ngumu kama ile ya zamani, ningempa chochote."

Kinanda hakusikia kingine chochote baada ya hilo neno "chochote".

Tuseme ukweli kuhusu huyu bwana. Jina la Kinanda alipewa kwa sababu ya sauti. Akianza kuongea, watu walijikuta wakitikisa vichwa kwa mapigo, na walipokuja kuzinduka mifuko ilikuwa myepesi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi siku zote, hata siku ambazo tumbo halikuwa na kitu. Kitanda, hata hivyo, hakuwa nacho. Alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake, na asubuhi ile ile dada alikuwa amemwambia kwa upole unaotisha:

"Mdogo wangu, Jumamosi mama mkwe anakuja. Sikwambii uondoke. Nakwambia tu kochi ni moja."

Kwa hiyo siku hiyo Kinanda alikuwa anatafuta pa kulala, na watu wa aina yake wakitafuta pa kulala, wengine huamka maskini.

Mchana alinunua vepu moja ya bei poa, ya yale maduka yanayouza kila kitu. Ilikuwa na kioo, mataa ya rangi, na uwezo wa kuandikwa jina la mwenyewe. Ilikuwa pia nyepesi kama ganda la yai, na ukiikaza mkononi ilikuwa inalia. Akaipeleka karakana kwa mume wa dada yake, fundi wa kuchomelea.

"Shemeji, nitengenezee kipande cha chuma kitupu, umbo hili hili."

"Cha nini?"

"Cha kukandamizia karatasi zisipeperuke."

Shemeji alimtazama. Hakuwahi kumwona Kinanda na karatasi. Lakini alikuwa mtu aliyependa usingizi wake, kwa hiyo hakuuliza zaidi. Jioni kipande kilikuwa tayari, kimepakwa rangi nyeusi, kimebandikwa kibati cheusi kinachong'aa kama kioo. Ukiziweka pamoja, usingejua ipi ni ipi mpaka uziinue. Moja ilikuwa na mambo yote mapya na haikuwa na uhai wa wiki mbili. Nyingine ingedumu milele, ila haikuweza kufanya lolote zaidi ya kudumu.

Kesho yake Kinanda aliingia dukani kwa Mzee Msumari na koti lenye mifuko miwili. Mfuko wa kulia ulibeba mambo mapya, wa kushoto ulibeba uimara. Leso ilikuwa mkononi.

Duka lilinuka rangi na saruji. Mzee alikuwa nyuma ya kaunta, na mkewe, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa pembeni akipima misumari kwenye mizani bila kuinua kichwa.

"Mzee wangu," Kinanda alianza, na sauti ikatoka kama imepashwa moto, "nimeambiwa mji huu una mtu mmoja tu anayejua tofauti ya kitu kizuri na kitu kinachong'aa."

"Nani?"

"Ndiyo nimekuja kumwona."

Mzee alijinyoosha. Kinanda akatoa vepu ya kulia. Akabonyeza, kioo kikawaka, na maandishi yakapita: KARIBU MZEE. Mataa yakageuka buluu, yakageuka kijani. Mzee akavuta, mvuke wenye harufu ya mnanaa ukamtoka puani, na mashine ikaandika: MOJA.

"Imehesabu!" Mzee alipiga kelele. "Mama, umeona? Imenihesabia!"

"Nimeona," mkewe alisema. "Kumbe ulikuwa hujui kuhesabu."

Uso wa Mzee ukaanza kuingia wingu. "Lakini hizi nazijua. Ikianguka tu, kwisha habari."

Kinanda alikuwa akilisubiri neno hilo kwa hamu. Akapiga chafya kubwa, leso ikapanda usoni, mkono ukapita mfukoni. Leso iliposhuka, mkononi alikuwa na chuma cha shemeji.

"Ikianguka, eh?" Akaitupa sakafuni. Saruji ikalia. Paka aliyekuwa amelala juu ya mifuko ya chokaa akahama duka. "Mzee, una nyundo?"

Kumuuliza mwenye duka la vifaa kama ana nyundo ni kumpa heshima yake. Mzee alichagua kubwa. Akapiga mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili kwa udadisi, mara ya tatu kwa furaha. Rangi ilibanduka kidogo pembeni, basi. Kinanda akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaikoroga kama chai, akaitoa. Akapiga chafya nyingine.

"Una mafua, mwanangu?" mama aliuliza.

"Vumbi la saruji, mama."

"Pole. Vumbi letu lina wenyewe."

Leso ikashuka. Kioo kikawaka: KARIBU MZEE. Mzee Msumari akavuta, akafumba macho, na kwa sauti ya mtu aliyeoneshwa mlango wa peponi akasema, "Imepigwa nyundo, imezamishwa, na bado inanikaribisha."

Mkewe alisogeza miwani. Pale pembeni, palipobanduka rangi kwa nyundo, sasa palikuwa laini kabisa. Kidonda kilikuwa kimepona. Mama alikitazama kwa muda, akarudi kwenye misumari yake, akanyamaza. Kinanda angekuwa na akili timamu siku hiyo angelitazama duka zima, asitazame droo peke yake, na angeuogopa ule ukimya.

Badala yake akateremsha sauti. "Mzee, moja sikuuzii. Ningekuwa nakudharau. Kampuni inatafuta wakala mmoja kwa mji mzima. Mmoja tu! Atakayetanguliza kitu leo, kesho anaamka na katoni zake, na kila anayevuta mvuke mji huu atapita kwake."

"Wote?" Mzee aliuliza, macho yamemtoka. Alikuwa ameshawaona wale wenzake waliomcheka kuhusu bomba la sinki, wamepanga foleni mlangoni kwake, na yeye anawahudumia polepole.

Mkono wake ulikuwa umefika kwenye droo mguu wa mkewe ulipotua juu ya wake chini ya kaunta. Haukutua kwa upole.

"Baba," mama alisema, "taslimu si tulilipia mzigo wa mabati? Lakini kijana mzuri kama huyu hatuwezi kumwacha aende hivi hivi. Mwanangu, unaonaje tukikupa usafiri badala ya fedha ya kutanguliza? Uani tuna pikipiki ya kubebea mizigo. Ya zamani, sura haina, ila haijawahi kulala njiani. Tuna pia skuta ya umeme, mpya kabisa." Akasita kidogo. "Inaongea."

"Inaongea?" Kinanda aliuliza.

Walitokea uani. Pikipiki ilikuwa imeegemea ukuta, imechubuka, ina kiti kilichoshonwa kwa waya. Kando yake skuta nyeupe ilikuwa imechomekwa kwenye umeme, inang'aa kama bibi harusi. Mama akabonyeza. Kioo kikawaka, mataa yakacheza, na sauti ya kike ikasema: "Karibu, dereva mpendwa."

Kinanda alisikia kitu kikimtekenya kifuani. Nusu saa nzima alikuwa ameuhubiri uimara mpaka jasho likamtoka, na sasa hata kuitazama pikipiki hakuitazama. Akaizungusha skuta uani mara moja. Haikutoa mlio wowote. Muziki ukaanza wenyewe.

"Naichukua hii."

"Ila hii ina thamani kubwa kuliko hicho cha kutanguliza," mama alisema kwa masikitiko. "Itabidi uongezee kidogo. Sisi ni wafanyabiashara wadogo."

Kinanda alipiga hesabu za haraka. Skuta ingeuzwa ng'ambo ya mji kabla ya jua kuzama, na hapo chumba, kitanda, na mlango wa kujifungia. Akavua kiatu. Ndani ya soksi mlikuwa na akiba yake yote, fedha ambazo hata dada hakuwahi kuzisikia harufu, na kwa bahati mbaya mama alizisikia. Akazipokea kwa ncha za vidole.

"Katoni kesho asubuhi!" Kinanda alipaza sauti, akatoka getini akipunga mkono.

Alipita mbele ya banda la fundi simu kifua mbele. Alipita sokoni, watu wakageuka. Kwenye barabara ndefu inayoteremka akafungua mwendo wote, shati likajaa upepo, na pale hasa alipoanza kucheka peke yake, ile sauti ya kike ikasema: "Betri imechoka. Safari njema." Magurudumu yakajifunga. Skuta ikasimama. Kinanda hakusimama. Aliruka juu ya usukani, akatua kwenye magodoro ya muuza magodoro aliyekuwa ameyapanga nje.

"Unanunua au unajaribu?" muuza magodoro aliuliza.

Kinanda alijipapasa. Mfuko wa kulia ulikuwa umejaa vipande vya plastiki na maji ya mnanaa. Mfuko wa kushoto ulikuwa mzima kabisa. Kile chuma hakikuvunjika hata kidogo, na nyonga ya Kinanda ilikuwa shahidi.

Alirudi akisukuma skuta kwa miguu, akichechemea, kwenye kilima kile kile alichoteremka kwa raha. Kila alipopumzika, skuta ilijikongoja ikasema "Karibu, dereva mpendwa," halafu ikazima tena. Alifika dukani koti likiwa limeloa jasho. Mama alikuwa ameshamwekea kigoda na glasi ya maji.

"Mmeniingiza mkenge!" Kinanda alifoka. "Watu wazima! Hii skuta ni mzoga!"

"Ni mzoga," mama alikubali. "Mume wangu aliinunua kwa bwana mmoja mwenye tai. Inatembea mpaka sokoni, basi. Huyo bwana naye alikuwa na sauti nzuri."

Mzee Msumari alitazama viatu vyake. "Iliongea, mama. Nilidhani kitu kinachoongea hakiwezi kudanganya."

"Nirudishieni changu!"

"Sawa. Twende kituoni sote," mama alisema, akivua aproni. "Mimi nitasukuma skuta. Wewe utabeba hicho kilicho mfuko wa kushoto, uwaoneshe askari kinavyowaka."

Kinanda alifungua mdomo kutoa ile sauti yake. Mama akanyoosha kiganja. Kinanda, bila kujua kwa nini, akakitoa kile chuma na kukiweka pale. Mama akagusa palipobanduka rangi.

"Rangi haiponi, mwanangu. Kila kitu kingine ulikifanya vizuri."

Mzee alichukua kile kipande, akakigeuza, akakigonga kwenye kaunta, na masikio yakamwiva taratibu. Alikuwa amevuta moyoni uwakala wa mji mzima, na sasa ulikuwa unatoka puani.

Kinanda akakaa kwenye kigoda. Uchovu ulimshukia wote kwa pamoja: kilima, nyonga, soksi tupu, kochi ambalo kesho lingekuwa na mama mkwe. "Basi niacheni niende," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya kawaida tu, kavu.

"Uende wapi?" mama aliuliza.

Kinanda aliutazama mlango, akabaki kwenye kigoda.

"Mume wangu ameuza vitu miaka yote hii bila kutamka neno tamu hata moja. Wewe umekaribia kuniuzia chuma kwangu, mimi muuza chuma." Mama alirudi kwenye mizani yake. "Wateja wanaziulizia hizo vepu kila siku. Nitaleta za aina zote mbili, utauza wewe. Nyuma ya stoo kuna chumba, kina kitanda. Sharti moja tu: kwenye kaunta yangu hutadanganya mtu. Ukidanganya mmoja, kituoni."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kinanda alikinywa kile kikombe cha aibu pamoja na maji ya glasi, akahamia siku hiyo hiyo. Dada alipopewa habari alikaa juu ya kochi na kucheka mpaka akalala pale pale.

Mteja wa kwanza wa vepu aliingia Jumatatu, karani mwenye suruali iliyopigwa pasi kama wembe. Kwenye kabati la kioo zilikuwepo zote mbili: nene ya chuma isiyo na mapambo, na nyembamba yenye mataa inayosalimia.

"Ipi nzuri?" karani aliuliza.

Kinanda aliziweka zote mbili juu ya kaunta. Mama alikuwa pembeni na misumari yake, masikio wazi.

"Kaka, nikwambie ukweli," alisema, na ukweli ukamkwaruza koo kama mfupa. "Hii yenye mataa ni nzuri kuitazama. Lakini ikianguka mara moja, umeula wa chuya, na betri yake ikichoka haibadilishwi. Hii ya chuma haina kioo, haihesabu, na sura yake unaiona. Ila utaichoka kabla haijachoka. Na ukitaka kabisa ushauri wangu, pafu lako halihitaji hata moja."

Karani alimtazama yeye, akaitazama ile ya chuma, akamtazama tena. Macho yakawa madogo.

"Mbona unaniponda hii nzuri?"

"Siipondi, kaka. Ni dhaifu."

"Hizo mbaya zimewadodea, siyo? Sasa unatafuta mshamba wa kumtwisha."

"Naapa, kaka! Mimi nakutakia..."

"Ahaa, sasa unaapa!" Karani aligeukia kaunta na kucheka kidogo, kicheko cha mtu mjanja. "Nyie wauzaji nawajua. Nifungie yenye mataa. Upesi, kabla hujaificha."

Kinanda akamgeukia mama kuomba msaada. Miwani ya mama ilikuwa imeteleza mpaka kwenye ncha ya pua, na mabega yakimtikisika juu ya mizani. Mzee Msumari alikuwa amejificha nyuma ya makopo ya rangi, ngumi mdomoni. Hakukuwa na jinsi. Kinanda aliifunga vepu polepole, akaikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi yai.

Karani alifika mlangoni, akageuka, akamnyooshea kidole.

"Na usidhani sijakushtukia," alisema.