Shikhar, Tarang na Kunguru wa Marehemu Baba

Jumamosi, 21 Septemba

Nimeamua. Nanunua gari!

Miaka ishirini na miwili juu ya skuta. Ndoo mbele, ndoo pembeni, mke wangu Mama Hetal nyuma kashikilia ndoo. Nilianza na ndoo kumi za kukopa, leo nina kiwanda. Nani Rajkot hii hajaoga kwa ndoo ya Mansukh Vekariya? Na bado walinzi wa benki huniambia niegeshe kule kwa baiskeli.

Mwanyumba wangu Vinubhai, mume wa dada yake Mama Hetal, ana gari tangu Diwali. Lina tundu kwenye paa. Kalilipia tundu hilo karibu laki nzima! Paa la kiwanda changu lina matundu saba na hakuna aliyewahi kunipongeza.

Mama Hetal katoa sharti. Oktoba 3, siku ya kwanza ya sikukuu ya Navratri, ukoo wao wote hukutana kwa baba yake, Junagadh. Anataka kushuka kwenye gari lake mwenyewe, sari ikiwa haina vumbi, baba yake akiwa mlangoni anaona. Gari lisipokuwepo atapanda la Vinubhai, mimi nifuate na basi. Kasema mara moja tu. Akisema mara moja ndiyo mbaya.

Hila yangu: sasa hivi ni Shraddh, siku za kuwakumbuka marehemu. Hakuna anayenunua kitu kipya, hata sindano. Wauzaji wa magari wanapiga miayo. Kwa hiyo bei iko sakafuni. Nalipa sasa, nalichukua Navratri. Marehemu watajulia wapi?

Yamebaki mawili, Shikhar na Tarang. Yote madogo lakini yamesimama juu kama magari ya wakubwa. Yote chini ya mita nne, maana gari likizidi hapo serikali inakukamua kodi. Nimepima mwenyewe kwa utepe. Tarang ni fupi kwa milimita mbili. Nimemdai Parthiv, muuzaji wa Tarang, anipunguzie bei ya milimita mbili. Kacheka, kasema Mansukhbhai una utani. Sikuwa na utani.

Jumapili, 22 Septemba

Siku ya kujaribu magari. Mtu wa kawaida huzunguka mtaa mmoja akarudisha funguo. Mjinga.

Tarang nimeliendesha mpaka Gondal na kurudi, nikiwa na ndoo za mteja kwenye buti. Parthiv kapiga simu mara nyingi. Nimemwambia bado nasikiliza injini. Kauliza mbona anasikia watu wakihesabu ndoo. Nimemwambia ni injini.

Shikhar nimelipeleka Jetpur. Muuzaji wake, Krupaliben, si wa kuchezewa. Kaingia nami, kakaa mbele, ndoo moja mapajani, safari nzima hakulalamika. Tulipofika kanisaidia kushusha, kisha kaniuliza mbele ya mteja kama mteja naye anahitaji gari. Mwanamke hatari.

Hesabu ya leo. Buti: Shikhar linameza ndoo tisini na sita zikiingizwa moja ndani ya nyingine, Tarang themanini na nane. Mafuta: Tarang linakwenda kilomita kumi na nane kwa lita, Shikhar kumi na sita na nusu. Magoti ya abiria wa nyuma: sawa. Bei: Tarang ni nafuu kwa elfu sitini. Nimegawanya, nimezidisha, nimegawanya tena. Tarang!

Kwa Krupaliben nimesema Parthiv ananipa mazulia ya bure. Kwa Parthiv nimesema Krupaliben ananipa mazulia na viti vya ngozi. Wote wawili wamesema watafikiri.

Jumanne, 24 Septemba

Msiba juu ya msiba.

Leo ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu baba yangu. Nimeona niue ndege wawili kwa jiwe moja. Nimewaita wauzaji walete magari yote mawili langoni, Mama Hetal ayaone, akubali Tarang, yaishe.

Yeye alikuwa juu ya paa la nyumba tangu asubuhi na sahani ya dudhpak, maziwa yameiva na mchele na sukari mpaka yakawa mazito. Sahani ni ya kunguru. Kunguru akila, baba kala. Lakini kunguru hakuja! Mtaa mzima wako juu ya mapaa na sahani zao, wanaita kaag-vaas, kaag-vaas, sauti zimekauka. Jirani yetu Labhuben kasema kunguru wa siku hizi wamekuwa kama mafundi bomba, unawaita wiki nzima.

Saa tano akatokea mmoja. Mkubwa, shingo ya kijivu, mwendo wa kuburuta mguu. Akapita juu ya sahani yetu bila kuitazama. Akatua juu ya Shikhar. Akatembea huku na huku. Akadonoa paa mara tatu. Akakaa!

Mama Hetal kafunika kichwa kwa sari, machozi yanamtoka. Kasema huyo ni Baba, angalia anavyouburuta mguu kama yeye, Baba amechagua. Nimemwambia Baba katika uhai wake hakuwahi kukaa juu ya kitu ambacho hajakipunguza bei. Kasema ndiyo maana kadonoa. Alikuwa anakagua bati.

Krupaliben kaunganisha viganja, kamsalimia kunguru, kamwita mzee.

Jioni Vinubhai kapiga simu. Habari imeshafika kwake. Kauliza, mwanyumba, huyo baba yako ana leseni?

Alhamisi, 26 Septemba

Kama kunguru kachagua, kunguru anaweza kubadili mawazo. Hata majaji hubadili.

Nimemwomba Parthiv alete Tarang tena, nikasema mke wangu anataka kuona taa. Juu ya paa lake nimepanga gathia, vile vitafunio vya unga wa dengu, na jelebi na kipande cha papai. Baba alipenda gathia na papai. Nimejificha nyuma ya tangi la maji.

Waliokuja: mbwa wawili, ng'ombe wa Labhuben, na Labhuben mwenyewe, aliyechukua jelebi akidhani zimesahauliwa. Kisha yule kunguru. Kazunguka Tarang mara moja. Katua juu ya skuta yangu.

Mama Hetal alikuwa dirishani. Kasema umeona? Bora skuta kuliko hilo. Kasema kunguru hafugiki, na Baba hakufugika hata alipokuwa mtu.

Amesema lake la mwisho: ni Shikhar au ni gari la Vinubhai. Elfu sitini zaidi! Kilomita moja na nusu pungufu kwa kila lita! Kwa sababu ya ndege!

Jumamosi, 28 Septemba

Nimegundua!

Nilikwenda kwenye duka la Shikhar kupima tumbo lake liko juu ya ardhi kiasi gani. Nikapanda kwenye kiti nione paa. Nikapitisha kidole. Nikanusa. Samli! Samli ya ng'ombe, safi, daraja la kwanza.

Nimemkabili Krupaliben. Hata hakupepesa jicho. Kasema Mansukhbhai, uliniambia Jumapili mke wako atakuwa na Shraddh Jumanne, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nimekasirika sana. Nimekasirika kwa sababu sikuliwaza mimi kwanza.

Kumwambia Mama Hetal? Hapana. Alilia machozi ya kweli. Nikisema ni samli, nimemuua Baba mara ya pili. Ni heri Baba abadili mawazo kwa njia ileile.

Nimenunua samli. Krupaliben alipaka kidogo. Mimi ni mtu wa hesabu: samli kidogo, kunguru mmoja mwenye shaka. Samli kilo mbili, kunguru mmoja mwenye uhakika.

Jumatatu, 30 Septemba

Hesabu ilikuwa na kasoro.

Parthiv kaleta Tarang saa nne. Nimempeleka ndani kunywa chai. Nimepaka paa, boneti, mpaka vioo vya pembeni. Nimemwita Mama Hetal atoke aone Baba anasemaje.

Hawa hapa! Si mmoja. Thelathini. Kunguru wote waliokataa kuja kwenye sahani za mtaa mzima kwa wiki nzima. Kwenye paa, kwenye boneti, wawili wanapigania wipa. Mtaa wote juu ya mapaa, wanapiga makofi, wanalia, wanawaita wajomba zao kwa majina. Labhuben kamtambua marehemu mumewe kwa tabia ya kunyakua.

Parthiv katoka na kikombe mkononi. Kakaa chini, kwenye vumbi.

Rangi imechubuka kutoka mbele mpaka nyuma. Meneja wake kasema gari hilo haliwezi kuuzwa tena kama jipya. Ama nilipie rangi, ama nilichukue hivyohivyo kwa kupunguziwa laki moja na nusu. Laki moja na nusu! Nimeshika mkono wake kabla hajamaliza kusema. Elfu sitini zake Krupaliben akaanikie nguo!

Mama Hetal kaniuliza swali moja. Baba mkwe wake alimjua, sawa. Hawa wengine ishirini na tisa ni baba za nani? Kasema hawezi kusafiri na wanaume asiowajua juu ya kichwa chake.

Nimemwambia atalizoea.

Alhamisi, 3 Oktoba

Navratri. Asubuhi nimeegesha Tarang langoni, shada la maua ya njano mbele, limau chini ya kila gurudumu kuondoa kijicho. Nimelisafisha kwa sabuni, kwa majivu, kwa unga wa dengu. Samli imeingia kwenye mipasuko yote ya mabati. Jua likiwaka kidogo, gari linanuka kama jiko la harusi.

Mama Hetal katoka na sari mpya ya kijani. Kalitazama gari. Nilimfungulia mlango. Nadhani alitaka kuingia. Naapa mguu wake mmoja ulinyanyuka. Kisha kunguru mmoja akatua juu ya paa, kaa! Mguu ukarudi chini. Vinubhai alikuwa kona ya mtaa, injini inawaka, kichwa kimetokea kwenye lile tundu. Kaniita, mwanyumba, lako nalo lina kiyoyozi au wanakupepea kwa mbawa?

Nimeendesha peke yangu. Nimefika Junagadh dakika chache baada yao, nikiwa na wanane juu. Nimepiga honi mlangoni kwa baba mkwe. Mzee ana miaka tisini na moja. Katoka na fimbo yake, kaona gari, kaona waliokaa juu yake, wamepangana, wanamtazama. Kauliza kwa sauti ndogo, mkwe, wamekutuma wewe kunichukua, au wewe ndiye umewaleta?

Kisha kaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo. Hataki kutoka. Kasema mwaka huu haendi kokote. Mama Hetal kaja dirishani, kasema kwa utulivu kwamba kurudi pia atarudi na dada yake, na kwamba mpaka mzee atoke nisionekane karibu na ukuta.

Nimeegesha nyuma ya duka la matairi. Nimekaa, nimefikiri kwa kina, nimetafuta kosa lilipo. Nimelipata.

Kosa ni rangi. Tarang langu ni jeupe. Kunguru juu ya jeupe anaonekana kutoka mtaa wa tatu! Hapa Junagadh kuna duka wana Shikhar jeusi tii. Kunguru hata hamsini wakikaa, nani atawaona? Kesho asubuhi naenda na utepe. Samli nimeshanunua.