Chupa Kumi za Mzee Egwang

Jumatatu, 7 Machi 1966

Miezi minane hapa Malaba na hakuna mtu hata mmoja aliyenialika kwake. Mimi, Bwire wa Bukhayo, dresa wa hospitali mwenye cheti! Jioni wazee wa Kiteso huzunguka chungu cha ajon, pombe yao ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, wanakunywa na kucheka. Mimi napita na baiskeli nikipiga kengele. Hakuna anayegeuka.

Afadhali wodini. Mzee Egwang, aliyepasuliwa ngiri Ijumaa, ananiita mwanangu. Leo ametazama mpira wa dripu akasema hii ajon ya hospitali ni ajabu: chungu kiko juu, mnywaji ni mmoja, na anakunywa kwa mkono. Nimecheka mpaka Sista Amoding akanikaripia. Wivu tu.

Daktari Usman anasema dripu iondolewe kesho, mzee aanze uji, Alhamisi aende nyumbani. Nyumbani! Na mimi je?

Jumanne, 8 Machi

Nimepata akili! Wodi yetu hairuhusu mgonjwa mwenye chupa ya dripu kwenda nyumbani. Na ni nani anayechemsha maji, kupima chumvi na kuziba hizo chupa? Bwire! Ufunguo wa stoo uko na nani? Bwire! Daktari naye yuko mkutanoni Kisumu hadi Alhamisi.

Nimemwambia Amoding daktari ameongeza dripu. Akauliza mbona hakuandika. Nikamjibu kwa ukali kwamba alikuwa na haraka. Maji na chumvi, kitu gani hapo cha kumdhuru mtu?

Chupa nne zimeingia. Mzee amenihadithia mke wake wa kwanza, tangu posa hadi mazishi. Sijawahi kupata siku tamu kama hii.

Jumatano, 9 Machi

Chupa sita. Tumefika kwa mke wa pili. Mzee anasema akipona niende kwake Amagoro, ataniwekea mrija wangu mwenyewe chunguni. Nimekwenda chooni nikalia kidogo.

Uso wake umejaa. Ananenepa, nadhani. Chupa tupu nimezificha kwenye sanduku chini ya meza yangu.

Alhamisi, 10 Machi

Balaa! Mzee anahema haraka haraka, kwa nguvu, na huku amelala tu. Nimemwomba aendelee na mke wa tatu. Hana pumzi. Amenishika mkono akanitazama. Mungu wangu, asife! Nikimpoteza huyu sina mwingine.

Daktari amerudi saa sita. Akauliza chupa ngapi. Nikasema mbili. Amoding akaleta sanduku langu. Kumi! Mchawi yule mwanamke.

Daktari amenifokea mbele ya wodi nzima. Ati chumvi ya chupa zetu ina kloridi nyingi kuliko damu yenyewe, na ikizidi, damu inageuka asidi, inakuwa chachu. Mapafu ndiyo yanahema hivyo ili kuipunguza. Ati mgonjwa wa upasuaji hapewi maji kwa kukisia. Ingekuwa chupa za Hartmann, zile zinazotoka Nairobi, damu isingechacha, maana zina kitu ambacho ini hukigeuza kuizima asidi. Ameng'oa dripu, amempiga sindano ya baikaboneti ya kuizima asidi, na ufunguo amempa Amoding. Mimi ni wa kuosha bedpani.

Jumatatu, 14 Machi

Mzee amekojoa siku tatu, na uvimbe wa uso umeisha. Anahema vizuri. Nimefurahi, na nimeumia, maana leo ameondoka.

Daktari alinilazimisha nikiri mwenyewe. Nilikiri nikitazama sakafu. Mzee akasema ningemwambia tu kwamba niko peke yangu, angekaa siku mbili pale kwenye benchi la nje akinihadithia bila dripu yoyote. Akasema Jumamosi nisikose kwake Amagoro.

Jumamosi, 19 Machi

Binti wa mzee amekuja kunichukua. Chungu kiko tayari, mrija wangu uko ndani, baba yake amekataa kuanza habari za mke wa tatu mpaka nifike. Hata Amoding amejitolea kunishikia zamu! Huyu ananitafuta nini?

Nimewaambia sina nafasi. Jana ameletwa Okwara, dereva wa lori, amekatwa apendiksi. Anaongea huyo! Amefika Mombasa, amefika Kampala, na ameniita rafiki. Kesho wanataka kumtoa dripu.

Lakini safari hii nimejifunza. Maji ya chumvi, hapana! Daktari mwenyewe alisema Hartmann haichachushi damu. Nimehesabu katoni mbili stoo, na ufunguo Amoding huuacha kwenye mfuko wa koti akienda chai.

Binti amesimama mlangoni muda mrefu, kisha akaondoka peke yake. Mzee atangoja tu. Mimi nimeshatundika chupa ya kwanza.