Bango la Fainali Tatu

Jumatatu, 4 Novemba

Wamenipa! Mwenyekiti wa kumbukumbu za mashindano, mimi Janelle Overgaard. Mashindano ya soka la wanawake ya vyuo vyetu hivi vidogo vya Iowa yanatimiza miaka ishirini na mitano, na safari hii yanachezwa hapa chuoni Sandahl, nyumbani. Nani mwingine angefaa? Nahodha wetu kwenye fainali ya kwanza kabisa, mwaka 1994, nilikuwa mimi. Siku hizi nawauzia wakulima bima ya mvua ya mawe, lakini moyo wangu haujawahi kutoka uwanjani.

Bwana Dahlke, mkuu wa michezo, ameniambia nitundike picha za zamani kwenye ukumbi wa kuingilia, basi, na nisizidishe. Nimeitikia kwa adabu. Kichwani tayari nina bango.

Maana watu wa mji huu wana ulimi. Wanasema hatujawahi kutwaa kikombe. Ni kweli, lakini nusu ya kweli. Tumefika fainali tatu. Zote tatu tulitoka sare, wenzetu wakachukua kikombe kwa penalti. Na kanuni ya soka la vyuo inasema wazi: mechi iliyoamuliwa kwa penalti huandikwa sare. Kwa hiyo fainali tatu, hatujafungwa hata moja! Chuo gani kingine kina sifa hiyo?

Jumanne, 5 Novemba

Nimefungua sanduku la picha. Ya juu kabisa ni nani? Corrine Tveit. Kipa wa Nordby, chuo kilichotunyang'anya kikombe, yuko hewani, anapangua penalti yangu ya 1994. Mimi nyuma nimeshika kichwa. Picha haionyeshi treni ya kubeba mahindi iliyopita nyuma ya goli na kupiga honi wakati naukimbilia mpira. Nani afunge na honi masikioni?

Kana kwamba haitoshi, Corrine aliolewa na mkulima wa hapa hapa. Anafundisha shule yetu ya msingi. Kanisani anakaa benchi la mbele yangu. Miaka ishirini nasali nikiangalia kisogo chake.

Picha yake nimeitundika nyuma ya mashine ya bisi. Sijaificha. Anayetaka kuiona atainama kidogo, ataiona.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeshona mashuka mawili, nimepaka rangi ya kijani. Limependeza! SANDAHL: FAINALI TATU, HATUJAFUNGWA HATA MOJA. Na chini, kwa wale wabishi: PENALTI SI MECHI.

Britta, binti wa kaka yangu na kipa wetu wa mwaka wa mwisho, alikuja kula viazi na nyama ya oveni. Alilisoma bango. Akaniomba, shangazi, huo mstari wa chini uufute. Nimemjibu ale, chakula kinapoa. Watoto wa siku hizi hawajui historia.

Kisha akaaga haraka, anawahi mazoezi. Mazoezi ya nini, na kocha yuko nyumbani kwake na mafua? Ikatoka polepole: anakwenda ghalani kwa Corrine. Corrine ndiye anayemfundisha kudaka tangu ana miaka tisa! Miaka yote hiyo nilidhani anakwenda kujifunza kinanda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 7 Novemba

Nusu fainali. Tumeshinda mbili bila! Britta hakupitisha hata upepo. Nilimwambia kila aliyekaa karibu nami kwamba ni damu ya Overgaard. Wengine niliwaambia mara mbili.

Ila meza ya vitafunio imeniudhi. Corrine alileta keki ya malenge, mimi nilileta yangu. Yake ilikuwa inaisha, yangu imekaa nzima nzima. Nikalichukua sinia lake kimyakimya nikalipeleka kwa wageni, isiwaonee watu wetu kwa sukari. Wageni wenyewe walikuwa wasichana wa Nordby, wakisubiri nusu fainali yao. Keki waliimaliza yote. Wakatoka wakafunga mabao manne.

Fainali ni sisi na Nordby.

Ijumaa, 8 Novemba

Dahlke ameliona bango. Ameuliza kama nimepata mapumziko ya kutosha. Amekataa katakata.

Sawa. Atapata bango la KARIBUNI WAGENI, la heshima kabisa, juu ya paa la jukwaa. Langu nimelikunja nyuma yake, limefungwa kwa kamba moja. Mwisho wa kamba utakuwa mkononi mwangu. Refa akipuliza kuanza, navuta, historia inashuka mbele ya watu wote. Akili ni mali.

Jumamosi, 9 Novemba

Refa alipuliza. Nikavuta. Kamba imeganda! Baridi ya usiku imeifanya ngumu kama fimbo. Nimevuta kipindi cha kwanza, nimevuta cha pili, mzee mmoja akaniuliza kama nakamua ng'ombe.

Mechi ikaisha bao moja kwa moja. Muda wa nyongeza, bado moja kwa moja. Penalti. Yale yale ya 1994.

Corrine akaja kusimama kando yangu, skafu nyekundu ya Nordby shingoni. Sikumsalimia. Wetu walifunga zote tano. Nordby wakafunga nne, ikabaki moja ya mwisho. Binti wao aliuweka mpira, akarudi nyuma. Britta hakusogea hata unyayo. Corrine alikuwa ananong'ona, si kwa ajili ya Nordby, kwa ajili ya Britta: "Subiri nyonga yake. Subiri nyonga yake, mwanangu."

Britta alisubiri. Akaruka kushoto, hewani, vilevile kama kwenye ile picha. Akapangua!

Corrine alipiga kelele kabla yangu. Niliruka juu na kamba mkononi, tukakumbatiana, tukalia kama watoto. Kikombe cha kwanza katika historia yetu! Sijawahi kuwa na fahari kama ile, hata siku nilipovaa kitambaa cha unahodha. Nilimwambia Corrine asante. Nilimwambia kweli, kwa mdomo wangu.

Ndipo nikasikia kitu kinashuka juu yetu, taratibu, kama shuka linalotandikwa. Wasichana walikuwa wamekusanyika chini ya jukwaa na kikombe, wapiga picha mbele yao. Uwanja mzima ukainua macho. Corrine alisoma mstari wa juu, akasoma wa chini, akajipangusa machozi.

"Hongera kwa sare, Janelle," akasema.

Jumapili, 10 Novemba

Picha iko ukurasa wa kwanza wa gazeti. Kikombe, Britta, na juu ya vichwa vyao PENALTI SI MECHI. Dahlke amepiga simu. Hakufoka, na hilo limenitisha zaidi. Kanisani kile kisogo kilitikisika kwa kicheko mahubiri mazima.

Nimetafakari sana. Haki ni haki. Nimekwenda nikaitoa picha ya Corrine nyuma ya mashine ya bisi, nikaitundika mlangoni kabisa, na maneno haya: Mwalimu wa Britta. Upande niliopo mimi nimeukata kidogo, fremu ilikuwa ndogo.

Kisha nimechukua shuka jipya na rangi. Ile kanuni nimeisoma upya na sasa naielewa vizuri zaidi. FAINALI NNE: TUMESHINDA MOJA, HATUJAFUNGWA HATA MOJA.

Paa liko juu sana, peke yangu siwezi. Corrine amekubali kuja kesho kunishikia ngazi. Nimemwambia ni bango la kumpongeza Britta.