Sato Wazazi wa Itungulwe

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyekuja kwa kuwa Mgeni Rasmi hakuja, waheshimiwa madiwani mliopo na mliotuma udhuru, baba paroko, wadau wa maendeleo kwa mapana yenu, na wananchi mlioko juani: itifaki imezingatiwa. Mimi Raymundi, Mratibu Mwandamizi wa Mradi wa Bwawa la Samaki Itungulwe, mtu ambaye hata mke wangu Agnetha hushangazwa na unyenyekevu wangu (makofi ya Agnetha), nasimama kutamka kuwa tumevuka lengo kwa asilimia mia moja na kumi na nne.

Kitaalamu, wingi wa vifaranga bwawani hutegemea wingi wa samaki wazazi: wazazi wakiwa wachache, mayai machache, wakizidi, hubanana, hugombea chakula, na wasio na haya huwala wanao. Katika wekshopu yetu pale Kanyenye, baada ya tathmini shirikishi, tulijiridhisha kwamba wale sato wazazi tuliowaleta kutoka Mwanza wamezidi, tukawapunguza. (Mhasibu anajifuta midomo.) Tuliwapunguza kwa mchemsho, tukawapunguza kwa kukaanga, na kufikia hafla ya kufunga wekshopu, tishio la wazazi lilikuwa limetoweka kabisa, hivi kwamba besilaini yetu, yaani takwimu za mwanzo, inaonyesha hakuna kifaranga hata mmoja aliyeliwa na mama yake. (Makofi meza kuu.)

Sasa Mama Apolinaria, aliyenyoosha mkono tangu asubuhi, ameuliza bila kupewa kipaza sauti kwamba mayai atataga nani. Mama, tusirukie feizi ya tatu. Najua una uchungu, maana misimu mitatu tumekuzuia kulima karanga kwenye eneo la mradi na wajukuu wanakula ugali mkavu. Lakini mvumilivu hula mbivu, na mbivu yako itakuja na mapezi. (Kicheko meza kuu. Apolinaria hacheki.)

Tuinuke sote. Sato wazazi, hoyee! (Mbuzi analia.) Kila kaya, kitoweo! (Agnetha peke yake anaitikia.)

Kwa namna ya pekee namshukuru Mzee Sixbert, aliyeswaga mbuzi wake ili viti vipangwe hapa katikati ya bwawa. Nalishukuru greda, ambalo siku likija litachimba. Na namshukuru Mama Apolinaria, mwenye shamba hili tulilokalia. Ananiuliza tena: kwa kuwa hapa hakuna shimo, hakuna maji wala samaki, na mawingu ndiyo hayo yanajikusanya, je, alime? Nimekuelewa, mama yangu. Hapana. Jembe litawasumbua samaki wanaotaga.