Mpaka Katikati ya Jiko

Serikali inayojali haingoji mambo yaharibike ndipo ichukue hatua. Kwa kulitambua hilo, Idara ya Usafi wa Asili ya Vyakula ilitangaza, mbele ya vipaza sauti na maua ya plastiki, kwamba mgahawa wa kona, ule unaopika vyakula vya Kihindi na vya Kithai chini ya paa moja, ungekuwa wa kwanza nchini kuwekewa mpaka wa kimataifa jikoni. Wananchi walipiga makofi. Mmoja aliyekuwa na njaa aliuliza mgahawa utafunguliwa saa ngapi, akaombwa asiingize siasa.

Mpaka wenyewe ulikuwa kamba ya katani. Ulianzia kwenye bawaba ya mlango wa stoo, ukapita juu ya meza ya kukatia mboga na kuishia kwenye bomba la maji. Kushoto India, kulia Thailandi. Katikati iliwekwa meza, kiti, muhuri na mtumishi mmoja wa Idara, aliyekabidhiwa jukumu la kuhakikisha kwamba hakuna kitunguu kinachovuka bila kibali. Watu walimwita Afisa Mpaka. Alikuwa mtu wa utaratibu, wa kukunja hata karatasi anayokwenda kuitupa, na kazi aliipokea kwa unyenyekevu unaotakiwa. Tatizo lake lilikuwa moja tu: chakula cha pale alikuwa akikila tangu ujana wake, na hakuwa na pengine pa kula ambapo mtu angemuuliza mbona leo umenyong'onyea.

Mgahawa ulikuwa wa mawifi wawili. Wifi mkubwa alipika vya Kihindi. Wifi mdogo, aliyeolewa na kaka wa huyo mkubwa, dereva wa malori asiyekaa nyumbani, alipika vya Kithai. Walifanya kazi wamepeana migongo, wakitaniana kutwa nzima, na mikono yao ilijuana kuliko midomo. Mmoja alinyoosha bakuli nyuma bila kugeuka, mwenzake akatia kilichotakiwa bila kuuliza. Hivyo ndivyo kari ya kijani ya kuku, ikitoka kwa mdogo kwenda kwa mteja mwenye ulimi laini, ilivyopitia kwa mkubwa kupata upawa wa mtindi wa kupoza pilipili.

Mteja mwenye ulimi laini kupita wote alikuwa Mkurugenzi wa Idara. Yeye hakulijua hilo. Aliila kari ile kila wiki na kuwaeleza wageni wake kwamba huo ndio Uthai mtupu, na kwamba pilipili ni suala la uongozi. Siku moja, katikati ya maelezo hayo, alimuuliza wifi mkubwa aliyekuwa akifuta meza ya jirani, "Hebu waambie wageni. Hii kari ni ya Kihindi au ya Kithai?"

"Ya mwenye njaa, baba," alijibu wifi mkubwa, akaendelea kufuta.

Wageni walicheka. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kupinga kicheko, ila alipenda kiwe kimepangwa. Kanuni za mpaka zilikuwa tayari kabla mwezi haujaandama.

Katika kikao cha maandalizi, Afisa Mpaka alinyoosha mkono na kuuliza, kwa heshima zote, kuhusu ule upawa wa mtindi unaovuka kwenda kwenye kari ya kijani ya baadhi ya wateja. Mkurugenzi alimtazama kama mtu aliyepiga chafya msibani. Hakuna upawa utakaovuka, alisema. Kila chakula kibaki na ukali wake wa asili, na kibali cha kuvusha chochote atasaini yeye peke yake. Ili kuziba mianya ya rushwa, mwombaji asiweze kujiidhinishia mwenyewe. Afisa aliandika yote hayo kwa mwandiko wake mzuri.

Mafanikio yalionekana mara moja. Friji lilikuwa moja na liliangukia Thailandi, hivyo maziwa ya India yakapewa hadhi ya ukimbizi. Tangawizi ilikutwa na uraia wa nchi mbili, ikazuiliwa stoo mpaka ichague. Mawifi, kwa kuwa lugha ni bidhaa kama bidhaa nyingine, walitakiwa kuzungumza kupitia kwa Afisa.

"Mwambie wifi yangu huo mchele wake unaungua," alisema mdogo, hatua moja kutoka kwenye sufuria.

"Mwambie naunusa, pua ninayo," alisema mkubwa.

Afisa alifikisha salamu hizo zote mbili kwa lugha ya kidiplomasia, na mchele ukaungua.

Wateja walikuwa wagumu kuelewa. Fundi saa mmoja mstaafu, waliyemwita Nusunusu kwa sababu maisha yake yote alichovya mkate wa naani wa huku kwenye kari ya kule, alielekezwa ale naani kwenye meza za kushoto, anawe, akaguliwe kinywa, kisha ahamie kulia kunywa kari kwa kijiko. Alifanya hivyo mara moja, kwa adabu, kama mtu anayesindikiza jeneza la jirani. Hakurudi tena, na wengine wakamfuata. Idara iliandika kwamba msongamano mgahawani umepungua.

Jioni moja wifi mkubwa alikaa kwenye kiti cha India, akavua aproni na kusema bila kumtazama mtu kwamba mwisho wa mwezi watarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Kwa mara ya kwanza mdogo hakuwa na utani. Alikuwa analia kimya juu ya mchaichai, na mkubwa alishindwa kumfuta machozi kwa sababu leso ilikuwa upande wa India. Afisa aliinamisha kichwa. Alikuwa na uchungu, na uchungu huo haukuwa na kanuni yake.

"Kaka," wifi mkubwa alimwambia, "wewe si ulikuwa mtu wetu?"

Afisa alinyoosha kamba iliyokuwa imelegea, basi tu mikono ipate kazi.

Ndipo Waziri akaja kujionea. Alikuwa mama mnene mchangamfu, aliyekuwa hajapata kifungua kinywa. Mkurugenzi alimketisha meza ya kushoto, yeye akaketi ya kulia, zimetenganishwa na utepe, akaagiza kari ya kijani. Afisa alimwinamia kumkumbusha kwamba safari hii itakuja bila msaada wowote kutoka India. "Ndivyo inavyotakiwa," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya kusikika. Akapiga vijiko vitatu vya haraka, vya mfano.

Kilichofuata hakikuwa kwenye ratiba. Uso ulimwiva, masikio yakamsimama, akanywa maji, na maji yakausambaza moto hadi mahali ambapo haukuwa umefika.

"Mtindi," alisema.

Afisa akasimama wima. "Mheshimiwa, mtindi uko India."

"Najua. Lete."

"Kibali, mheshimiwa."

Mkurugenzi alipapasa kalamu. Afisa, kwa masikitiko, alimsomea kifungu: mwombaji hajiidhinishii. Alikisoma chote, pamoja na utangulizi, kwa sababu kifungu kisiposomwa utangulizi hupotosha.

"Sasa anaidhinisha nani?" aliuliza Waziri. Wakati huo alikuwa amekata naani yake, akaupitisha mkono juu ya utepe na kuichovya kwenye sahani ya Mkurugenzi. Hayo yalikuwa magendo. Afisa aliinua macho darini, akaona feni inahitaji kusafishwa.

"Aliye juu yake, mama. Ni wewe."

"Mbona hivi vitu vinalika vizuri pamoja?" alisema Waziri, akachovya tena. "Mkurugenzi, nikuulize kwa nia njema. Kweli unautaka mpaka huu?"

Mkurugenzi alikuwa ameachama, ulimi nje, akitikisa kichwa kushoto na kulia ili upate upepo.

"Huutaki?"

Akatikisa kwa nguvu zaidi. Machozi yalimtiririka hadi kwenye tai. Waziri aliweka naani chini. Miaka yote serikalini, alisema, hajawahi kuona kiongozi anayelilia kosa lake mbele ya watu, na ombi kama hilo halikataliki. Akasaini palepale mpaka ufutwe. Wifi mdogo alishika kisu cha vitunguu, akaikata kamba.

Wifi mkubwa alikuja na bakuli la mtindi hadi ilipokuwa mipaka ya Thailandi, akasimama mbele ya Mkurugenzi. Hakuharakisha. Upawa aliuning'iniza juu ya sahani.

"Niwekee," alinong'ona Mkurugenzi. "Naomba, mama."

"Nitaweka, baba. Ila nikishaweka, itakuwa ya Kihindi au ya Kithai?"

Mkurugenzi aliutazama upawa, akamtazama Waziri, akautazama tena upawa.

"Yoyote," alisema. "Yoyote tu, mama."

Na Afisa, ambaye hakuwa tena na mpaka wa kulinda lakini bado alikuwa kazini, aliliandika jibu hilo kwenye kumbukumbu kama msimamo rasmi wa Idara, akalipiga muhuri.