Vibonge vya Nazi vya Siku ya Luca

Jumamosi, 10 Desemba

Tumechinja nguruwe kwa bibi. Kazi yangu: kumenya vitunguu saumu. Vichwa arobaini! Nilimenya huku nikikariri shairi, ubeti mmoja kwa kila vichwa vitano, na sasa siwezi kufika ubeti wa tatu bila macho kuwasha.

Jumatano Shangazi Etelka, ndivyo tunavyomwita mwalimu wetu wa lugha, atachagua mmoja wa kusoma shairi la Krismasi mbele ya shule nzima na wazazi. Mwaka jana alisoma Emőke. Mwaka juzi, Emőke. Mimi nimekuwa kondoo wa igizo mara mbili. Bibi huja kila mwaka, hukaa mstari wa mbele, na tukirudi nyumbani huniuliza, "Na wewe mjukuu wangu ulikuwa yupi?"

Mashine ya kusagia nyama imebaki kwetu ili mama amalizie soseji. Nyumba nzima inanuka.

Jumapili, 11 Desemba

Nimepata wazo! Nimelipata kanisani, katikati ya mahubiri. Mungu anisamehe.

Siku ya kuchaguliwa, kila mmoja ataleta sahani ya vitamutamu kwa meza ya darasa. Shangazi Etelka huonja kwanza, kisha husikiliza. Mtu mwenye kitu kitamu mdomoni husikiliza kwa huruma. Hiyo ni sayansi.

Mama yake Emőke ana keki ya asali inayosifiwa mpaka kituo cha reli. Lakini! Jumanne ni siku ya Mtakatifu Luca, siku ambayo wazee wetu huamini wachawi wanazurura. Bibi yake Emőke, kama bibi yangu, hataki mwanamke ashone wala aoke siku hiyo, maana Luca hukasirika na kuku hugoma kutaga mwaka mzima. Kwa hiyo, siku moja kabla ya kusoma, hakuna oveni itakayowashwa kwa akina Emőke. Na vibonge vya nazi haviokwi! Unasaga biskuti, unatia kakao, sukari na siagi, unakanda, unaficha cheri katikati, unaviringisha kwenye nazi kavu. Basi. Luca mwenyewe hana la kusema.

Nimecheka peke yangu wakati wa sala. Mama amenifinya.

Jumatatu, 12 Desemba

Nimenunua biskuti na nazi. Cheri zimetoka kwenye chupa ya mama ya majira ya joto.

Emőke aliniuliza nitaleta nini. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba ni kitu kidogo tu. Akasema, "Usijisumbue, Sári. Tangu lini kondoo akaleta chakula? Kondoo si hula tu?" Darasa lote lilicheka. Mimi pia nilicheka, kidogo, kwa adabu.

Baada ya kengele alikimbia kwenda kwao kama anayefukuzwa. Sijui haraka ya nini.

Jumanne, 13 Desemba

Luca!

Nimekwenda kwa bibi kuazima kinu chake kidogo cha kusagia njugu, kwa ajili ya biskuti. Bibi akaziba mlango kwa mwili wake wote. Akasema leo hakitoki kitu humo, hata chumvi. Ukikitoa, bahati ya nyumba inakifuata. Nikamwambia mimi si mchawi, mimi ni Sarolta, Sári wake. Akasema, "Ndivyo wanavyosema wote." Kisha akanionea huruma, akanipa tufaha, akasimama kunitazama nilile palepale ndani, lisije likatoka.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Biskuti nzima zikinitazama. Ndipo nikaiona mashine ya kusagia nyama.

Nimeiosha kwa maji ya moto, mara mbili, kama tulivyofundishwa. Biskuti zimesagika vizuri ajabu. Sikusikia harufu yoyote mpya, ila ile ile iliyomo nyumbani tangu Jumamosi. (Zingeweza pia kupondwa kwa chupa. Nimekumbuka sasa, nikiandika.)

Vibonge thelathini na viwili! Vimelingana kama ndugu. Nimeviweka barazani, baridi ya huko ni friji tosha. Sikuonja hata kimoja. Nimejivunia sana kiasi changu.

Jumatano, 14 Desemba

Emőke amekuja na keki ya asali.

Nikamuuliza kwa upole, je, Luca? Akanitazama kama anayetazama mgonjwa. "Si tulioka juzi?"

Juzi! Jumatatu! Muda wote huu Jumatatu ilikuwepo, na mimi sikuifikiria.

Hata hivyo Shangazi Etelka alianza na sahani yangu. Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akatazama dirishani. Akaanza tena polepole, kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya. Kisha akasema kina ladha ya... ya nyumbani kabisa. Nikafurahi! Nikasimama kusoma.

Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Hapo akaingia Mjomba Lázár, mtunza shule, kutazama bomba la kupasha joto. Njiani akachukua kibonge. Kisha cha pili. Kisha akavuta kiti. Sikuweza kumwondolea macho. Cha tano kilipoingia mdomoni, nilitoka ubeti wa tatu nikatua wa sita, na shairi likaisha kabla theluji haijaanza kuanguka.

Kabla sijakaa, Mjomba Lázár akasema kwa moyo wote, "Jamani, soseji hii kaitengeneza nani? Vitunguu saumu mmevitia sawasawa! Ila sukari imezidi. Mkate hamna?"

Emőke alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Kumi na saba. Mjomba Lázár alikula kumi na saba.

Alhamisi, 15 Desemba

Emőke ndiye atakayesoma.

Shangazi Etelka aliniita. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya marehemu. Akanionyesha karatasi yake. Jina lililokuwa limeandikwa kwa penseli tangu Jumatatu lilikuwa langu, ila alilifuta jana. Herufi bado zinaonekana ukiinamisha karatasi. Akasema, "Ungekuja mikono mitupu, mwanangu, ukasoma tu kama unavyosoma siku zote."

Kisha akanipa kazi nyingine, nisije nikakosa kabisa. Nitakaa nyuma ya pazia na karatasi, nimnong'oneze Emőke akisahau. Nikasema asante. Nililia kidogo, lakini chooni, na kwa mpangilio.

Bibi nimemweleza yote. Amesema kosa ni la tufaha. Huenda nilitoka na mbegu.

Ijumaa, 16 Desemba

Nimetafakari sana na nimejifunza somo kubwa. Sitatumia tena chakula kumpendeza mtu. Mtu ashinde kwa kazi yake mwenyewe, bila hila.

Kazi yangu ni kunong'ona. Sasa, nimesoma kwa makini karatasi ya maelekezo aliyonipa Shangazi Etelka, mbele na nyuma, na hakuna mahali palipoandikwa mnong'onaji anong'one kwa sauti gani. Wala hapakuandikwa kwamba asubiri mpaka msomaji asahau.

Leo nimejaribu jikoni, beti zote sita, bila kuruka hata neno. Milango ilikuwa imefungwa na mama alikuwa uani akipasua kuni. Amesema ameusikia kila mstari, na jirani pia, na mbwa wa jirani.

Naona tumaini.