Rimu Mpya za Kwenda Kanyakine

Jumatatu, 4 Agosti

Shule zimefungwa. Nimerudi nyumbani Kibugu na gari langu, sanduku la madaftari ya Kidato cha Pili, na uamuzi mmoja. Rimu mpya za magurudumu au shokabzoba mpya. Akiba inatosha kimoja tu.

Hoja za shokabzoba: zilizopo zimekufa. Fundi Muriithi wa Runyenjes aliligandamiza gari kwenye pembe, akaachia, likadunda mara nne. Alisema gari zima hudunda mara moja likatulia. Kisha akaniangalia kwa huruma, akasema, madam, hili limechoka kubishana na barabara.

Hoja za rimu: Mugendi.

Jumamosi ya tarehe kumi na sita tunaenda Kanyakine kumtolea kaka yangu Ngari mahari, kwa akina Kathure, mchumba wake. Mugendi ni kaka yake Kathure. Afisa wa kilimo, hupima udongo. Nimemwona mara moja tu, mwezi wa Aprili, kwa dakika arubaini hivi. Alilizunguka gari langu, jekundu, la milango miwili, lenye viti viwili vya kweli na viwili vya mzaha. Akasema gari hili hata likisimama linaonekana limechelewa mahali.

Nimeifikiria sentensi hiyo kwa miezi minne. Hakuna aliyewahi kunieleza vizuri hivyo, na hata hakuwa akinizungumzia mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Rasharasha tangu asubuhi. Ukungu umeshuka hadi kwenye majani chai. Nimechora safu mbili kwenye karatasi. Safu ya shokabzoba imejaa. Safu ya rimu ina mstari mmoja: zinaonekana.

Ndiyo hoja yenyewe. Shokabzoba hukaa chini, gizani, humeza kila shimo, na mtu aliye ndani husema barabara ni nzuri. Hakuna mtu aliyewahi kusimama langoni akapenda shokabzoba. Nazijua. Mimi mwenyewe ni mtu wa aina hiyo tangu darasa la nne.

Mama aliuliza ninaandika nini. Nikasema ni maandalio ya somo la fizikia. Akasema mbona somo lina gurudumu na jina la mtu.

Mchana akaja Ednah, binti wa shangazi. Huuza parachichi, huendesha gari la Probox. Akatangaza, huku akimenya ndizi yetu, kwamba yeye ndiye atakayebeba asali. Nikaweka kalamu chini.

Kwa Wameru mbuzi hujadiliwa. Blanketi hujadiliwa. Asali haijadiliwi. Wazee wa msichana huiulizia kwanza, huionja, ndipo wanakaa. Kwa hiyo gari la asali hutangulia msafara, na aliyeibeba hupokewa langoni na kaka za bibi harusi. Maana yake Mugendi. Maana yake Ednah, na ndizi yetu mkononi, mbele ya Mugendi.

Haiwezekani.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango umefaulu.

Nilimweleza Mama kwamba kondoo dume wa mahari anasafiri katika Probox, na asali hunyonya harufu. Kisayansi. Mama huiheshimu sayansi inapokubaliana naye. Alisema ni kweli kabisa, hata marehemu mamake hakuwahi kuweka asali pamoja na mnyama. Asali ikahamia kwangu.

Ednah hakukasirika, na hilo liliniudhi. Alisema kwa upole, dada yangu, heri asali inuke kondoo na ifike. Nilimwambia wivu si hoja. Akasema hata rangi nyekundu si hoja. Akaniachia mfuko wa parachichi.

Yaliiva vizuri. Nimekula matatu. Hilo halibadilishi kitu.

Jumanne, 12 Agosti

Runyenjes. Muriithi alivipanga vitu vyote viwili juu ya gunia. Kushoto, shokabzoba nne zilizofungwa kwa magazeti, kama samaki. Kulia, rimu. Inchi kumi na saba, spoki tano, rangi ya panga lililotoka kunolewa. Nilihisi kitu kifuani ambacho sijawahi kuhisi kanisani.

Muriithi aliuliza, si ni wewe unayemfundisha msichana wangu mambo ya springi? Alisema huyakariri mezani hadi chakula kinapoa: uzito, mvutano, kurudi mahali pake. Nikakiri ni mimi. Akasema basi nisikilize. Rimu kubwa ni tairi nyembamba. Tairi nyembamba ni shimo kuja moja kwa moja mpaka kiunoni. Na chini hakuna cha kulizuia. Akasema, madam, huko ni kuvaa viatu vya harusi na goti bovu.

Nilimsikia. Nilimwelewa. Ningeweza hata kumchorea mchoro.

Nikachukua rimu.

Njia ya kurudi, wote waliopanga foleni kwenye kituo cha kupimia majani chai waligeuka. Mzee mmoja alivua kofia. Meno yangu yaligongana kutoka hapo hadi nyumbani. Nilitabasamu, yakagongana wazi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama amerudi kutoka Siakago na asali ya Mbeere, kutoka kwa Kivuti, ambaye familia yake imefuga nyuki tangu zamani. Nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Ameimimina katika mtungi wa marehemu babu, wa mbao, wenye kifuniko cha ngozi. Nilipendekeza ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kusokota. Mama aliuliza, tunaenda kwa watu ama tunaenda kuteka maji?

Nimejizoeza kwenye kioo sura ya kushuka garini. Sura ya mtu asiyejizoeza. Ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Jioni Ngari alikuja akasimama kando ya gari. Ni mtu wa maneno machache, hunyoosha mambo kwa kunyamaza. Amemngoja Kathure miaka mitatu, hadi amalize uuguzi, na wiki hii hajala vizuri. Aligusa rimu kwa kidole. Akauliza kama asali itafika. Nikasema itafika kama yai chini ya kuku. Hakucheka. Akasema, Ruguru, nakuomba.

Nimeufunga mtungi kwa kitenge changu bora. Fundo maridadi sana. Linafanana na ua.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika na vidole vinanata.

Tuliondoka saa moja. Mimi mbele, peke yangu na mtungi, kama malkia. Nyuma yangu Mama, wazee na wanawake wetu, nyuma kabisa Ednah na kondoo. Hadi Chuka sikuwa na neno. Kisha matuta. Kila soko lina matuta yake, na kila tuta liliingia garini likakaa. Huko Igoji nilisikia buti ya nyuma, ulimowekwa mtungi, ikisema *pwa*. Nikaongeza sauti ya redio.

Baada ya lami, kilomita tatu za mawe.

Langoni wanawake wa Kanyakine walikuwa ndani wakiimba, wetu wakashuka wakajibu, kama inavyopasa, hadi lango likafunguliwa. Mugendi alikuwa hapo. Sweta la kijivu. Aliyatazama magurudumu. Aliyatazama! Gurudumu la mbele, kisha la nyuma, kisha mimi. Dakika moja ya maisha yangu imekwenda sawasawa na ilivyopangwa, na hakuna atakayeninyang'anya.

Kisha mzee Gitari, ami yake Kathure, akaomba asali.

Nikafungua buti.

Kifuniko kilikuwa kushoto. Mtungi ulikuwa kulia, umelala, una amani. Asali ilikuwa kila mahali pengine. Kwenye zulia, kwenye jeki, ndani ya tairi la akiba, kwenye lile ua la kitenge. Na nyuki wa Kanyakine hawahitaji kualikwa.

Mama alikumbatia kiondo chake. Ngari aliniangalia bila hasira, na hapo ndipo nilipotaka ardhi ipasuke. Mzee Gitari alisema polepole kwamba mgeni asiye na asali ni mpita njia, na mpita njia hupewa maji, akanywa, akaenda. Siku nyingine ingetafutwa. Labda mwakani. Nikamwona Kathure kwenye dirisha la jikoni, mkono mdomoni.

Mugendi ndiye aliyeutoa mtungi, akaifunga buti. Taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa mtoto aliyelala. Aliwaambia wazee kwamba wageni wanapangusa vumbi la barabara kwenye mtungi, wapewe kitambo kidogo. Akaubeba. Akaniambia, madam, twende.

Nyuma ya nyumba, katikati ya mibuni na miti ya makadamia, ana mizinga minane. Ghala lina asali yake mwenyewe. Tulijaza mtungi pamoja, yeye akimimina, mimi nikishika. Alizungumzia udongo. Udongo wao una asidi nyingi. Sijawahi kusikia asidi ikitamkwa vile. Nilitamani mtungi uwe na tundu, usijae.

Tuliporudi alipiga magoti kando ya gari, akalala chini kwenye vumbi na sweta lake, akaangalia. Aliangalia kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyewahi kuangalia chini yetu kwa makini vile. Akatoka akasema shokabzoba zimekufa zote nne. Akasema rimu ni nzuri, lakini.

Alisema rimu ni nzuri.

Baada ya "lakini" aliendelea kidogo. Sikumbuki.

Mtungi ukapelekwa kwa Cucu, nyanya yao, ambaye ndiye huonja. Aliweka kidole, akafumba macho. Akauliza asali imetoka wapi. Mama, maskini, akasema Mbeere. Cucu akasema nyuki wa Mbeere hula maua ya migunga, na huyu amekula kahawa, tena yeye Cucu anaijua kahawa yenyewe kwa sababu aliipanda mwenyewe.

Kondoo peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema.

Kisha Cucu akacheka hadi akapewa leso. Alisema mtu anayekuja kukuposea msichana kwa asali yako mwenyewe ameshakuwa wa nyumbani, sasa utamfukuza aende wapi? Wazee wakakaa. Mazungumzo yakaendelea. Ngari alikula sahani mbili.

Lakini tulitozwa faini. Mtungi mmoja kamili, wa Mbeere, usioguswa, tarehe sita Desemba, siku watakapopanga harusi. Na uletwe na msichana yuleyule, kwa gari lilelile jekundu. Cucu alisema akiniangalia kwamba ukifika bila kumwagika tutapanga harusi, na ukimwagika tutapanga faini nyingine. Ngari akaacha kutafuna.

Tulipoagana Mugendi alisema wiki hiyo atakuwa na mafunzo Embu. Atanifuata kwa pikipiki kutoka Runyenjes mpaka Kanyakine, nyuma yangu, kuangalia buti.

Saa mbili nzima. Nyuma yangu.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Niliosha buti kwa maji moto mara sita. Nyuki wa Kibugu wameambiwa na wale wa Kanyakine.

Ednah alipita. Nilingoja aseme. Badala yake alichukua kitambaa akanioshea jeki, akaacha maparachichi mawili juu ya boneti. Kuna watu hawajui kushindana.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la ndani la shajara hii: SHOKABZOBA. Nimepigia mistari miwili. Ngari alikuja akalisoma, akaniwekea mkono begani, akaenda zake. Nililia kidogo. Nimebadilika. Mtu hubadilika.

Jumanne, 19 Agosti

Muriithi alipiga simu. Ameniwekea zile shokabzoba, hajauzia mtu, kwa kuwa msichana wake amemsihi. Tena atachukua rimu zangu za zamani badala ya pesa. Kitu kimoja kwa kitu kimoja. Nilifika Runyenjes saa tatu, nikiwa mnyenyekevu. Zilikuwa juu ya gunia lilelile, kwenye magazeti yaleyale. Nikasema nazichukua. Nilisema hivyo, kwa sauti, na Muriithi ni shahidi.

Kisha nikainua macho.

Ukutani palining'inia spoila, lile bawa la nyuma, jeusi, la gari la aina ya langu hasa lililoingia mtaroni huko Manyatta. Halikuwa na hata mkwaruzo. Lilikuwa limejikunja kidogo kwenye ncha, kama mtu anayesikia akiitwa jina.

Nilitoka nje nikafikiri sawasawa, bila haraka, kama ninavyowafundisha watoto. Tarehe sita Desemba Mugendi atakuwa nyuma yangu kwa saa mbili. Mtu aliye nyuma haoni rimu vizuri. Shokabzoba haoni kabisa. Anaona nini? Nilichora mchoro vumbini. Mshale kutoka kwa pikipiki hadi kwa gari. Jibu ni moja.

Muriithi alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, na asali, madam?

Nikamwambia nimeshaifikiria. Safari hii nitalifunga fundo mara mbili.